Kiti Kilichobaki

Yaya, yaani kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, ni askari wa Marekani na kwa sasa kazi yake iko Ramstein, Ujerumani. Wiki hii amenitumia sauti ndefu kwa WhatsApp akisimulia alivyovuka Atlantiki kwenda likizo bila kukata tiketi. Ndege ya jeshi ilikuwa na safari yake, imepakia mizigo, viti vikabaki, akapewa kimoja. Nimeirudia sauti hiyo hata Mama akaniuliza kama kuna msiba.

Sisi tuliokulia kambi ya jeshi ya Vangu, hapa Lubumbashi, Kongo, habari ya kuomba nafasi kwenye ndege ya jeshi si ngeni kwetu. Kilichonishika ni utaratibu wa Wamarekani. Unajiandikisha kwenye kituo cha ndege, na jina lako linakaa kwenye orodha hadi siku 60. Kuna madaraja sita: mwenye dharura ya nyumbani anatangulia, aliye katika likizo ya kawaida kama Yaya yuko la tatu, wastaafu wako la sita. Walio daraja moja wanafuatana kwa tarehe ya kujiandikisha. Cheo hakisaidii hapo. Koplo aliyewahi anampita kanali aliyechelewa. Majina yanaitwa hadharani, na ukiwa umetoka kununua kahawa, anaitwa anayefuata.

Raha yenyewe si kubwa. Ndani ya C-17, ndege yao kubwa ya mizigo, viti vimepangwa ubavuni, abiria wanatazamana na mizigo iliyofungwa minyororo. Kelele ni za kuziba masikio, miguu inaganda. Ndege ikishafika juu, wazoefu wanatandika mablanketi sakafuni na kulala. Na kurudi hakuna ahadi: safari ikifutwa, au kazi ya jeshi ikihitaji viti vyote, unabaki ulipo. Ndiyo maana Yaya husafiri na pesa ya tiketi ya kawaida mfukoni. Kwa hesabu yangu, bure ya namna hiyo ni ya mtu mwenye siku nyingi na akiba kidogo. Mwenye haraka aende akalipe.

Baba alikuwa mwanajeshi tangu enzi za Mobutu, na kutoka hapa hadi Kinshasa ni zaidi ya kilomita 1,500 hata kwa njia ya angani. Ukikataa ndege, kuna treni hadi Ilebo, kisha boti kwenye mto Kasai, na Mungu ndiye anayejua utafika lini. Kwa hiyo familia za askari zilikwenda Luano, uwanja wetu wa ndege, na masanduku, na magunia, na kuku, zikangoja. Nani apande? Aliyejulikana na mkubwa fulani. Mke wa mkubwa alifika saa ya mwisho na watu wake, na mama aliyelala pale uwanjani na mtoto mgongoni akaambiwa arudi kesho. Hakuna aliyegomba. Ungegombea nini, wakati hakuna mahali jina lako lilipoandikwa?

Tarehe 8 Mei 2003, ndege ya mizigo aina ya Ilyushin 76 iliyobeba askari, polisi na familia zao iliondoka Kinshasa kuja huku kwetu. Angani mlango wa nyuma ukafunguka, watu wakavutwa nje. Rubani aliweza kuirudisha Kinshasa. Idadi ya waliokufa haikupatana: serikali ilitaja wachache, wengine wakasema zaidi ya mia. Mimi tofauti kubwa hivyo naisoma kwa namna moja tu: hakuna aliyekuwa na orodha ya kuaminika ya waliopanda. Hapo ndipo sauti ya Yaya ilinigusa. Yeye alikuwa analalamika kuhusu baridi, mimi nilikuwa nasikia habari ya mahali ambapo hata aliyeachwa uwanjani anajua ni wa ngapi.

Nilimchezea Mama sauti hiyo jioni, tukila bukari, ugali wetu. Aliuliza jambo moja tu kuhusu sheria:

"Na mzee aliyestaafu, anaweza kupanda na mke wake?"

"Anaweza, Mama. Ila ni daraja la mwisho."

"Baba yako angehamia Luano," akasema, akacheka mpaka akaweka tonge chini.

Kisha akataka kujua kilo. Nilimwambia kwenye ndege kubwa wanaruhusu mizigo miwili, kila mmoja kama kilo 32. Akanyamaza, akihesabu kwa vidole. Nikamweleza kwamba ndege hizo hazimleti mtu Lubumbashi likizo, kwamba kuja huku Yaya atapanda ndege ya kulipia kama sisi sote, na kilo za ziada atazilipia. Mama hakuonekana kusikia. Ameniagiza nimwandikie Yaya kwamba akija asijaze sanduku nguo. Wakati wa kurudi kuna samaki wakavu na uyoga wa kumpelekea mke wake.