Nilivyopima Kimo Halisi Ninachoongezewa na Mabuti ya Pikipiki

Mabuti ya waendesha pikipiki yenye kisigino kipana huuzwa kwa kutajiwa inchi, na wauzaji huzitaja inchi hizo kwa ukarimu mkubwa. Mimi ni mwanamke wa sentimita 158 bila viatu, naendesha pikipiki kutoka Lang'ata hadi Upper Hill, jijini Nairobi, siku za kazi, na kwangu suala la kimo halihusu urembo peke yake. Linahusu kama wayo wangu wa kushoto utafika chini ipasavyo pale msururu wa magari unaposimama ghafla na matatu imenibana upande wa kulia. Kwa hiyo nilipoamua kununua mabuti ya aina hii, niliamua pia kwamba nitayapima mwenyewe, kwa sababu kila niliyemuuliza alinipa jibu lake, na hakuna majibu mawili yaliyolingana.

Visigino vya mabuti haya, yale ya ngozi nzito yenye bizimu au pete pembeni, kwa kawaida huwa na urefu wa inchi moja na nusu hadi mbili na nusu, yaani sentimita 3.8 hadi 6.4 hivi. Wengi hukichukua kipimo hicho na kukijumlisha moja kwa moja na kimo chao. Hesabu hiyo haiendi hivyo. Mtu hasimami juu ya ukingo wa nyuma wa kisigino, mahali ambapo rula huwekwa, bali uzito wake hupita kwenye kifundo cha mguu, ambacho kiko mbele kidogo ya ukingo huo, na sehemu ya ndani ya buti inayokaliwa na wayo huteremka kuelekea vidoleni. Juu ya hayo, soli ya ndani hubonyea mtu anaposimama.

Mabuti yangu niliyapata soko la Gikomba, kwenye safu za viatu vya mitumba, baada ya kupita pia soko la Toi bila kuona yanayonitosha. Muuzaji aliligeuza buti moja, akaniwekea utepe kuanzia chini hadi kwenye mshono wa nyuma, akasema, "Dada, hiyo ni inchi tatu kamili, utakuwa mrefu hadi wakusahau." Mshono aliougusa ulikuwa juu ya mahali ambapo kisigino changu kingekaa, kwa hiyo kipimo chake kilikuwa cha ngozi pamoja na kisigino. Nilimshukuru, kisha nikatoa kijiti nilichokuja nacho.

Njia ya kijiti naieleza kwa urefu, kwa sababu inaweza kutumiwa kibandani kabla ya kulipa hata shilingi moja, na sijaona nyingine iliyo rahisi na yenye kuaminika kama hiyo. Chukua kijiti kilichonyooka, kirefu kuliko shingo ya buti. Simamisha buti juu ya ubao au meza iliyo sawa, inyooshe shingo yake isiegemee upande wowote, kisha tumbukiza kijiti ndani hadi kiguse soli ya ndani katikati ya mahali panapokaa kisigino. Tia alama ya kalamu kwenye kijiti pale kinapokutana na mdomo wa buti. Sasa kitoe, kisimamishe nje ya buti, mguu wake juu ya meza ile ile, karibu na sehemu ile ile ya mdomo, utie alama ya pili. Tofauti ya alama hizo mbili ndiyo unene wa kila kitu kilichopo kati ya kisigino chako na ardhi. Kwangu ilikuwa sentimita 5.2, yaani zaidi kidogo ya inchi mbili. Muuzaji alikishika kijiti, akakiangalia vizuri, akaomba tupime na jozi nyingine mbili alizokuwa amezianika mbele, na bei yangu ikashuka bila maneno mengi.

Kwa mitumba kuna jambo jingine la kutazama, nalo ni kona ya nje ya nyuma ya kisigino. Watu wengi hutangulizia kona hiyo wanapokanyaga, na ndiyo inayolika kwanza. Buti lililolika hapo limepoteza sehemu ya kimo chake, na kibaya zaidi humpinda mvaaji kifundo kuelekea nje. Yangu yalikuwa yamelika kidogo tu.

Nyumbani nilihakikisha kipimo ukutani. Dada yangu aliniwekea kichwani kitabu chenye jalada gumu, ubavu wake ukiwa umegandana na ukuta, akatia alama nikiwa pekupeku, kisha nikiwa nimevaa raba zangu za kila siku, kisha mabuti. Tulifanya vipimo vyote kwa mfululizo jioni moja, na hilo lina sababu yake: mwili hupungua kimo kadiri siku inavyosonga, kwa kuwa sahani laini zilizo kati ya pingili za uti wa mgongo hupoteza maji chini ya uzito wetu, na upungufu huo unaweza kufika sentimita moja au hata zaidi kati ya asubuhi na usiku. Ukijipima pekupeku jioni na ukajipima na mabuti asubuhi, utayasifu mabuti kwa kazi iliyofanywa na usingizi.

Raba ziliniongezea sentimita 2.9. Mabuti yaliniongezea 4.8. Zile milimita nne zilizopungua kutoka kwenye kipimo cha kijiti ni za soli ya ndani iliyobonyea pamoja na mteremko niliokwisha kuueleza. Lakini tazama tofauti ya 4.8 na 2.9: haifiki sentimita mbili. Hakuna mtu ofisini kwetu aliyewahi kuniona pekupeku, kwa hiyo kimo walichokizoea ni cha mimi na raba, na kile wanachokiona kimeongezeka ni sentimita 1.9 tu. Naona hili ndilo jibu analopaswa kupewa yeyote anayeuliza mabuti haya yatamfanya awe mrefu kiasi gani. Yanaongeza takriban sentimita tano juu ya sakafu, na takriban mbili juu ya viatu ulivyokuwa ukivaa jana. Suruali iliyoshuka hadi nusu ya kisigino huifanya miguu ionekane mirefu zaidi ya hapo, ila huo ni uzuri wa macho, na pikipiki haiutambui.

Juu ya pikipiki hesabu hubadilika kabisa, na sehemu hii ndiyo iliyonigharimu fikira nyingi. Kiti cha pikipiki yangu kiko juu kidogo ya sentimita 80 kutoka chini. Hushuka nikikikalia kwa sababu springi za nyuma hubonyea, lakini bado naegemea vidole. Mtu anayegusa ardhi kwa vidole hapati faida yoyote kutoka kwenye kisigino, hata kiwe kirefu namna gani, kwa kuwa kisigino chenyewe kiko hewani. Anachofaidi ni unene wa soli ya mbele, pale chini ya mzizi wa vidole. Mabuti yangu yalikuwa na sentimita 1.3 hapo. Raba zangu zina sentimita 2. Maana yake ni kwamba nikiwa kwenye ncha za vidole, mabuti yale mazito ya kuheshimika yalinipa ardhi kidogo kuliko raba.

Kisigino huanza kusaidia pale tu kinapofika chini. Nilitaka kujua nimebakiwa na pengo kiasi gani, kwa hiyo nikamwomba kaka yangu aishike pikipiki wima uani, kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, nikakaa pekupeku na miguu yote miwili chini, naye akasukuma vipande vya mbao chini ya kisigino changu cha kushoto hadi vikagusa. Vilikuwa sentimita 6. Mabuti yananipa 4.8. Pengo linalobaki ni kama sentimita moja, na nikisogeza nyonga kidogo upande wa kushoto, pengo hilo linakwisha na buti linatua lote. Nilijaribu hivyo hapo hapo uani, na nilihisi tofauti mara moja: uzito wa pikipiki uliacha kuning'inia kwenye shavu la mguu, ukashuka hadi chini.

Uani, nasema. Barabarani kuna mteremko. Barabara za lami hujengwa zikiwa zimeinuka katikati ili maji ya mvua yatiririke pembeni, na kwa kuwa Kenya tunaendesha upande wa kushoto, ardhi iliyo kushoto kwetu ndiyo iliyo chini zaidi. Mguu wa kushoto ndio tunaouteremsha, kwa sababu wa kulia unakaa kwenye breki ya nyuma, na breki hiyo ndiyo inayokuzuia usirudi nyuma kwenye miinuko ya Upper Hill. Mteremko wa asilimia 2 au 3 unaonekana si kitu, lakini wayo unapotua sentimita 35 hivi kutoka kwenye mstari wa magurudumu, unakula karibu sentimita nzima, ambayo ni sawasawa na ile niliyokuwa nimeichuma kwa kusogeza nyonga. Penye ukingo uliobomoka, inakuwa zaidi.

Niliyapeleka mabuti kwa fundi wa viatu wa mtaani kwetu. Ushauri wake wa kwanza ulikuwa, "Tuongeze kisigino peke yake dada yangu, kiatu kitapendeza." Nilimweleza kwamba nikiongeza kisigino peke yake, wayo utateleza kuelekea mbele, vidole vitabanwa, na siku nitakayogusa ardhi kwa vidole sitakuwa nimepata chochote. Nilitaka tabaka la mpira la milimita 8, kuanzia ncha hadi nyuma, unene ule ule kila mahali, ili pembe ya wayo ibaki kama alivyoikusudia aliyeliunda buti. Aliifikiria hoja hiyo akalizungusha buti mkononi, akakubali. Alisugua soli ya zamani kwa msasa mkali hadi ikapoteza mng'ao wote, akapaka gundi pande zote mbili na kuziacha wazi mpaka ikawa hainati kidoleni, ndipo akazibandika na kuzigonga kwa nyundo kuanzia katikati kwenda pembeni ili hewa isibaki ndani. Halafu akashona ukingo mzima kwa mkono, kwa uzi uliotiwa nta. Kwenye kisigino alitia misumari mifupi, akaizamisha vichwa vyake ndani ya mpira isije ikateleza kwenye vigae vya ofisi. Fundi mwingine angebandika tu na kunikabidhi. Huyu alifanya kazi ya kuvukia mvua za Aprili.

Sasa nilikuwa na sentimita 5.6 nikiwa nimesimama, na 2.1 chini ya vidole. Nikasahihishiwa pia pikipiki, jambo ambalo wengi hawalikumbuki. Soli iliyonenepa inahitaji nafasi chini ya pedali ya gia, la sivyo buti hukwama unapolitia chini yake ili kupandisha. Fundi wa pikipiki wa Kirinyaga Road alifungua bolti moja ya pedali, akaichomoa kwenye mhimili wake wenye meno, akairudisha ikiwa imepanda jino moja, akaikaza. Breki ya nyuma aliishusha kidogo kwa nati yake ili mguu wa kulia usiikandamize wakati wote na kuiunguza. Kazi yote haikuchukua muda wa kumaliza chai.

Nilizifikiria njia nyingine. Kupunguza sponji ya kiti kunaleta faida upesi, lakini safari ya foleni ndefu juu ya kiti kilichochongwa ni adhabu ya mgongo. Kabari za kuwekwa ndani ya kiatu chini ya kisigino huongeza kimo cha kusimama, ila kwenye buti lisilo na kamba hukiinua kisigino hadi kikaanza kuchomoka, na mguu usioshikwa vizuri haufai kubadilishia gia.

Upana wa kisigino nao una kazi yake, ambayo naithamini kuliko kimo chenyewe. Uso wake wa mbele hujishikiza kwenye kikanyagio, wayo usiteleze kwenda mbele pikipiki inaporuka tuta. Ndiyo kazi ya asili ya kisigino: wapanda farasi wa Uajemi walivaa viatu vya visigino ili wayo ushike kikuku cha farasi, muda mrefu kabla ya watu wa Ulaya kuvifanya pambo. Kisigino hicho kipana kikitua kwenye changarawe au tope la pembeni, hakizami, kwa kuwa uzito umetawanyika.

Siku hizi nikisimama kwenye taa za Haile Selassie Avenue nikielekea kazini, buti la kushoto hutua lote, na mkono wangu umetulia kwenye klachi. Kile kipande cha mpira cha nyuma kitalika, kama vinavyolika vyote, na kijiti changu chenye alama bado ninacho. Kikionyesha upungufu wa milimita tatu au nne, fundi atabandua kipande cha kisigino peke yake na kutia kingine, bila kuigusa soli ya mbele.