Pia na muda changamano
Jana usiku nilirudia kwa mkono hesabu ya mwanahisabati Mrusi Sofya Kovalevskaya kuhusu mzunguko wa pia (kile kichezeo kinachozungushwa chini), ile iliyompatia tuzo ya Akademia ya Sayansi ya Paris mwaka 1888, na kalamu ikanikwama pale anapouruhusu muda uwe namba changamano, yaani yenye sehemu halisi na sehemu ya kufikirika. Mimi nimezoea muda wa saa ya ukutani; yeye alitafuta pia ambazo majibu ya milinganyo yake, katika bapa zima changamano, hayana kasoro isipokuwa ncha, yaani pointi ambapo jibu hukua bila kikomo. Ukiacha pia yenye ulinganifu kamili, zilibaki ya mwanahisabati Euler, ya mwenzake Lagrange na yake Kovalevskaya mwenyewe, ambayo momenti zake mbili za inesha (vipimo vya ugumu wa kuizungusha) zinalingana, kila moja ikiwa maradufu ya ile ya tatu. Nilikosea alama moja ya kutoa, logi (logarithimu), kasoro ambayo hairuhusiwi, zikachomoza penye ncha, na saa nzima ikapotea (kosa la kitoto!) kabla sijaligundua.