Gesi imeisha?

Sufuria la Ayi, jirani yangu Mchina, nimeshalisugua mara tatu na bado linanuka pilipili. Nami bado nasikia ile "haya" ya Shangazi.

Wiki ilikuwa na mambo yake. Viza ya Baba Nasra imetoka, kontena limepakiwa bandarini Nansha baada ya sokomoko, alhamdulillahi. Lakini mkiniuliza kumetokea nini, nitawaambia Jumamosi usiku Shangazi alisema "haya".

Nilitaka ale huoguo, ile supu ya Kichina inayochemkia mezani, nyumbani kwangu. Miaka yote hii amekuwa akinitumia picha za vitambaa vya mapazia nimtafutie soko la vitambaa la Zhongda, safari hii kafunga duka Kariakoo kaja Guangzhou mwenyewe. Asubuhi nikaenda mtaa wa Xiaobei kwenye bucha la halali, nikakatiwa nyama ya ng'ombe na kondoo kwa mashine, nyembamba hadi zimejikunja kama maranda ya seremala. Nikanunua uyoga, tofu, mboga za majani, mizizi ya yungiyungi. Ayi wa ghorofa ya chini akaniazima sufuria lake lenye ukuta katikati, lile Wachina wanaloliita kwa jina la bata waendao wawiliwawili, dume na jike. Upande mmoja supu nyekundu ya Sichuan (alama ya halali niliisoma mara mbili, maana nyingi zina mafuta ya ng'ombe usiyejua kachinjwa na nani). Upande wa pili kuku kwenye maji ya madafu, wanavyopenda huku Guangdong. Hapo kwenye madafu nilijiona nina akili sana. Mtu wa Tanga!

Shangazi akamaliza isha, akaja kusimama mbele ya meza. Nyama mbichi. Uyoga mbichi. Mboga mbichi.

"Mwanangu, gesi imeisha?"

Nikacheka. Nikamweleza kwamba supu ikichemka kila mtu anachukua akipendacho, anachovya, nyama sekunde 10 tu imeiva, anakula.

"Kwa hiyo mgeni anajipikia."

"Ndiyo raha yake, Shangazi."

"Haya."

Mnajua "haya" ziko nyingi. Iko ya karibuni tule, iko ya tumeelewana, iko ya kumwachia Mungu. Hii ilikuwa ya mama aliyeletewa mkwe asiyemtaka. Kwake Tanga mgeni hagusi hata jagi, ananawishwa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe; mimi jembe nimempa kabla hajaketi. Tangu Jumamosi nimeshamjibu upya mara 20, kwenye metro, bafuni, nikiwa na mteja: "Wewe kaa, Shangazi, nakupikia mimi." Maneno matano. Yalikuwa wapi?

Najua yalikuwa wapi. Nilikuwa natafsiri. Kutwa kazi yangu ni kuwaeleza Waswahili mambo ya Wachina, nikafika kwangu nikaendelea na kazi.

Aliyeniokoa, au aliyeniumbua, ni Ayi. Nilimwalika kwa heshima ya sufuria. Kiswahili hajui hata neno, na Kichina cha Shangazi kinaishia kwenye nihao. Akakaa ubavuni mwake, akachovya nyama, akaipitisha kwenye mchuzi wa ufuta na kitunguu saumu, akaiweka kwenye bakuli la Shangazi. Ya pili. Ya tatu. Miwani ya Shangazi imejaa mvuke, haoni kitu, anatafuna tu. Ilipomfikia ya upande mwekundu akashika midomo: "Hee! Kama nimepigwa sindano ya jino!" Ayi akacheka mpaka machozi, akamhamishia upande wa dafu.

"Huyu anajua mgeni," Shangazi akasema. Akaniangalia. Nikashindwa kumeza.

Halafu sijui ilikuwaje. Nadhani ni pale Shangazi alipochukua kijiko, akalivua paja la kuku na kumwekea Ayi, Ayi akakataa kwa mikono miwili, Shangazi akamkazia macho kama anavyotukaziaga sisi. Likaliwa. Baada ya hapo hawakuniuliza tafsiri tena. Vikaingia viazi, tambi, Shangazi akamimina supu ya dafu juu ya wali bila kuomba ruhusa ya mtu.

Alipotosheka akagonga ule ukuta wa sufuria kwa ukucha.

"Hili ni la wake wenza. Jiko moja, kila mtu na mchuzi wake."

Nikataka kumwambia habari ya bata. Nikanyamaza.

"Shilingi ngapi? Na katoni moja yanaingia mangapi?"

Saa saba usiku tulikuwa sakafuni na simu tunatafuta kiwanda, yeye anapiga hesabu za kontena nyuma ya risiti ya bucha, mimi kichwa nimekilaza begani kwake kama zamani. Kesho tunakwenda kuona sampuli. Ile "haya" hajaitaja, na mimi sithubutu kuuliza.

Jino la mbele la Nasra bado linaning'inia, hataki mtu aliguse, na Jumatano wanapigwa picha shuleni.