Ngoma nimepewa, chumba nimenyimwa

Wakuu, leo nina hasira, mnivumilie.

Jumamosi usiku mwalimu wa ofisi ya wanafunzi wa kigeni alituma ujumbe kwenye kundi la WeChat: kesho saa mbili asubuhi Waafrika wote ukumbini, "mavazi ya kitaifa", kuna ugeni mkubwa. Mimi niko hapa Hangzhou, China, nasoma uhandisi wa maji, shahada ya uzamili. Nimefika na shati langu la kitenge, nikakabidhiwa ngoma. Nikamwambia mwalimu sijui kupiga. Akacheka, akasema ninyi mnazaliwa mnajua. Mtu nimekulia Tabata, ngoma naiona kwenye harusi za watu!

Baada ya ngoma tukapelekwa kwenye meza ya unga kufunga jiaozi, vile vitumbua vyao vya kuchemsha vyenye nyama ndani. Changu kikawa kinafumuka, mama wa jikoni akakichukua, akakibana upya kwa vidole viwili, akanirudishia nikishike mpiga picha apate anachotaka. Mzanzibari mmoja pembeni yangu akauliza ndani kuna nini, akajibiwa "nyama tu", akarudisha mikono mfukoni. Jioni picha zikapandishwa: wanafunzi wa Afrika wafurahia utamaduni wa China.

Jumatatu nikaenda kuona chumba, maana nakaribia kumaliza na bweni nimelichoka. Yuan 1,800 kwa mwezi, karibu na treni ya chini. Kwenye simu tulishakubaliana, Kichina changu kwenye simu hakina shida. Dalali aliponiona akapiga hatua mbili nyuma, akampigia mwenye nyumba palepale ngazini, sauti juu. Nimesikia kila kitu. Akakata, akaniambia kwa upole kabisa kwamba mama mwenye nyumba ameghairi, mwanawe anahamia. Mwanawe! Dakika tano nyuma hakuwepo.

Sasa wale wanaosema nina chuki na Wachina, tulieni. Hela ya kula ninayopewa ni ya serikali yao. Shahada ya kwanza wanatoa yuan 2,500 kwa mwezi, uzamili 3,000, uzamivu 3,500, na ada na bweni juu yao. Hiyo 3,000 ukiibadilisha unamzidi mwalimu anayeanza kazi huko nyumbani, nanyi mnajua anavyoishi. Na kabla sijaja huku nilikuwa nasomea kwenye ile maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pale Mlimani, waliyoijenga Wachina kwa dola milioni 40 hivi, ikafunguliwa Novemba 2018. Mnakumbuka ule mwezi: Denmark imezuia msaada wake wa dola milioni 10, Benki ya Dunia nayo imesita, halafu Magufuli anasimama pale anasema hawa wakiamua kukupa wanakupa tu, hawana masharti. Ukumbi ulipiga makofi. Mimi pia ningepiga.

Ndiyo maana nasema hii kazi ya kuvuta nyoyo za watu Wachina wanaijua. Hawakuanza jana. Redio yao ya Kiswahili inarusha matangazo tangu 1961, sisi tunapata uhuru. Madaktari wa mkoa wa Jiangsu wanapokezana Zanzibar tangu miaka ya 60, na nenda hospitali ya Mnazi Mmoja ukawaseme vibaya mbele ya wagonjwa uone. Bibi yangu kijijini hajui Beijing iko upande gani, lakini tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili anaifuata, na mama mkwe wa mle ndani anamchukia kwa jina. Pale Kibaha kuna Shule ya Uongozi ya Mwalimu Nyerere, wamesaidia kuijenga, imefunguliwa 2022, inafundisha makada wa vyama sita vya ukombozi: CCM, ANC, FRELIMO, SWAPO, MPLA na ZANU-PF. Hapo humshawishi bibi tena. Hapo unaandaa waziri wa kesho kutwa.

Na faida waliiona mapema. Oktoba 1971 China ilipopigiwa kura kuingia Umoja wa Mataifa, kura 76 zilizowaingiza, 26 zilitoka Afrika, na Salim Ahmed Salim, balozi wetu pale, alishangilia mpaka Wamarekani wakanuna. Wakati huo wanatujengea TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, kilomita 1,860, na wao wenyewe wakiwa maskini. Wachina zaidi ya 60 walifia kwenye kazi ile, wengi makaburi yao yako Gongo la Mboto.

Hiyo reli ndiyo inayonichanganya. Hapa nyuma ya chuo kuna mzee anauza matikiti. Aliponiuliza nchi nikamtajia, akaweka kisu chini. Alikuwa na jirani aliyekwenda kujenga, miaka miwili hajaonekana, akarudi mweusi kwa jua anasimulia simba wa Mikumi. Hela yangu aliikataa katakata. Wajukuu zake ukiwatajia Tanzania wanauliza kama tuna umeme. Serikali yao imetumia nguvu nyingi kutufanya sisi tuipende China. Kuwafanya watu wao watupende sisi, naona hakuna aliyepewa hiyo idara. Aprili 2020 kule Guangzhou, Waafrika walipotolewa majumbani na kulala nje kwa sababu ya korona, mabalozi wetu waliandika barua, viongozi wakaongea kwa sauti ya chini, mambo yakaisha. Ukishajengewa maktaba unagomba vipi?

Mdogo wangu unayeniandikia kila siku: njoo. Usimpe wakala wa vyuo pale Posta hata shilingi, omba mwenyewe kupitia ubalozi au chuo. Kozi inayofundishwa kwa Kichina ujue kuna mwaka mzima wa lugha kwanza. Ukitaka udaktari, waulize kwanza Baraza la Madaktari kama chuo hicho wanakitambua. VPN, ile programu ya simu ya kufungulia mitandao iliyofungwa huku, ipakue ukiwa bado Dar. Na usije na ndoto ya kulowea. Viza ya masomo ikiisha wanakusindikiza vizuri sana hadi uwanja wa ndege, na cheti chenye muhuri mwekundu.

Ukirudi, unajua kazi iliyopo? Ukalimani. Wenzangu waliosoma uhandisi na uchumi wako saiti, wanamtafsiria msimamizi wa Kichina anavyomfokea fundi, au wako Kariakoo wanasindikiza mizigo ya kutoka Yiwu, China. Wachina wanafundisha Kiswahili Beijing tangu miaka ya 60 na wanajua wahitimu wao watakaa wapi. Sisi tumerudishiwa vijana wanaosoma Kichina, hatujawatafutia hata dawati.

Septemba 2024 Rais Samia, Hichilema wa Zambia na Xi wa China walishuhudia Beijing makubaliano ya kuifufua TAZARA. Karatasi nyingi zinakuja baada ya hapo, na zitakuwa na upande wa Kichina. Kama wizarani wanahitaji watu wa kuusoma upande huo bila kumsubiri mkalimani wa wenzao, tupo, na wengi hatuna kazi. Nauli ya SGR hadi Dodoma ni 31,000 (reli waliyojenga Waturuki, nao sasa wana skolashipu zao). Tutajilipia.