Vile nilirekebisha siti yetu ili mdogo wangu asiyeona ajiandikishe

Siti ya internet ya kituo chetu cha ufundi hapa Kadutu, Bukavu, niliikuta tayari, rangi nzuri, mafoto mingi, vitu vya kuchezacheza kila kona. Mbele ya kugusa kitu nikaita mdogo wangu mmoja wa Ibanda, yeye haone tangu utoto, telefone yake anaisikiliza na TalkBack, ile programu ya Android inayosoma ekrani kwa sauti, nikamwambia tu "jiandikishe, mimi naangalia". Ile telefone ikaanza: butoni, butoni, butoni, kisha namba ndeefu ya jina la foto. Akacheka sana, "Yaya, butoni ya nini sasa?"

Njo nikaanzia pale. Kila butoni nikaipa jina, kila foto ya maana nikaiandikia maneno kwenye alt, ile nafasi ndani ya kodi ya kueleza foto, zile za urembo tu nikaacha alt yake tupu ili sauti iziruke. Fomu ndiyo ilinichosha, juu maneno "jina" na "telefone" yalikuwa ndani ya kisanduku na ukianza kuandika yanapotea, basi nikaweka label ya kweli, ni kusema jina la kisanduku lenye kubaki na lenye sauti inalisoma, kwa kila kimoja.

Kisha lugha. Juu ya ordinateri natumia NVDA, nayo ni programu ya kusoma ekrani kwa sauti, ni ya bure, na ile siti ilikuwa imeandikwa lang="en" ndani ya kodi, maana yake lugha ni Kiingereza, kwa hiyo Kiswahili chote kilisomwa na mdomo wa Mwingereza, hata mimi mwenye kuandika sikuelewa! Nikaweka sw, na vipande vya Kifaransa nikavipa fr. Kazi ndogo hivi, lakini kwangu njo ilibadilisha mambo kushinda zote.

Rangi: kanuni za WCAG, zile za dunia nzima za kufanya siti itumikiwe na kila mtu, zinaomba maandishi ya kawaida yapishane kwa mwangaza na rangi ya nyuma yake angalau 4.5 kwa 1, yetu yalikuwa kijivu juu ya nyeupe, hata mwenye macho mazima hakuyaona kwa jua la Nyawera. Mausi nikaichomoa, nikatembea na kitufe cha Tab peke yake, nikarudisha ule mstari unaoonyesha uko wapi.

Kuna watu walitaka kutuuzia programu eti inarekebisha yote kwa mstari mmoja wa kodi, nikakataa, programu haijue foto yako inaonyesha nini.

Video bado. Viziwi wanahitaji maandishi chini, na ile programu ya kuandika maneno ya video yenyewe nilipoipa Kiswahili chetu cha Bukavu ikatoa mambo ingine kabisa, basi naandika mwenyewe, umeme ukirudi.