Mia tano za chai

Jumamosi, 11 Julai 2020

Jumanne jioni nilikuwa naipaka cherehani mafuta kwa kukosa la kufanya, simu ikalia. Ujumbe wa M-Pesa. Nimepokea shilingi 500 kutoka kwa Juma, kijana aliyekuwa akinisaidia kushona. Nikajua amekosea, maana kwenye simu yake mimi ni Mama Salma na mamake ni Mama, tunafuatana, na vidole vya Juma mnavijua tangu kile kisa cha mifuko aliyoishona juu chini. Nikampigia upesi kabla hajaanza kuhangaika.

"Juma, umenitumia mimi pesa za mama."

"Sijakosea, Mama Salma."

"Sasa hizi za nini?"

"Za chai. Leo tumelipwa."

Nami nikasema: "Haya."

Basi. Haya, nikakata simu. Si asante, si Mungu akuzidishie, si unaendeleaje mwanangu. Haya, kama mtu aliyeambiwa maji ya mfereji yamerudi.

Siku ya nne leo nayarudia mazungumzo hayo. Nikiosha vyombo narudia, nikiswali narudia, Mungu anisamehe. Katika marudio yangu najibu vizuri sana. Mara namshukuru kwa dua ndefu, mara nakataa katakata na kumrudishia, mara nacheka tu, na yeye anacheka. Kisha naamka nakuta nilisema haya. Na neno lenyewe si mnajua lina maana mbili.

Linalonichoma zaidi ni hilo "za chai", kwa sababu ni maneno yangu. Miaka mitatu, kila Ijumaa tukifunga, nje ya ujira wake nilikuwa namsukumia mia, siku nzuri mia mbili, nikimwambia chukua hizi za chai. Sikuwahi kufikiri neno hilo linasikikaje upande wa pili. Nimeisikiliza sauti yake kichwani mwangu mara ngapi sijui, naitafuta kejeli. Sijaipata. Afadhali ningeipata, ningekuwa na la kumkasirikia. Halafu nawaza, pengine ni kwa vile tangu Machi, kwa ajili ya korona, kutuma pesa chini ya elfu moja hakukatwi kitu, basi kijana ameona si neno, atume tu. Halafu naona nimeanza kutafuta njia ya kuipunguza mia tano ya watu.

Wiki hii Rais amefungua njia za kutoka na kuingia Mombasa, Bi Mkubwa ameshaanza kufunga mkoba wa Lamu, na Jumanne hiyo hiyo waziri wa elimu Magoha akatangaza kwamba shule hazifunguliwi mpaka Januari, mwaka mzima umefutwa, na mimi fundi wa sare za shule mwenye majora sita ya kitambaa cha buluu chini ya meza, nimekaa nawaza neno la herufi nne.

Juma nilimwachisha mwisho wa Machi. Sikutumia neno hilo, nilisema "pumzika wiki tatu nne, nitakuita". Nilimpa elfu tatu. Yeye akauchukua mkasi, akaufuta kwa pindo la shati, akautundika kwenye msumari wake, akapiga hatua, akarudi kuunyoosha uelekee chini. Sijautoa hapo. Nilipoanza barakoa nilitaka kumwita, lakini barakoa zilianza kwa mia, na kabla sijamaliza bunda la kwanza la lastiki zilikuwa zinauzwa ishirini barabarani. Kwa ishirini nilishona peke yangu. Yeye akaingia Kazi Mtaani, vile vibarua vya serikali vya vijana kusafisha mitaa.

Sasa sikieni. Alhamisi usiku Babake Salma, ambaye bado yuko kwenye likizo ile ya hoteli isiyo na mshahara, ananiuliza mia tano zenyewe ziko wapi. Nikafungua simu. Nilikuwa na deni la simu la shilingi 340, nimekopa nilipie stima, na zilipoingia tu zikakatwa. Zilizobaki 160 nilinunua pakiti ya unga na nyanya nne. Nikamwambia, "Tumezila." Akanyamaza, kisha akasema, "Kwa hivyo hizo ndizo pesa zetu za serikali."

Jamani, nilicheka.

Maana Mei tulikaa mbele ya televisheni Rais akitangaza pesa za kufufua uchumi, mimi na daftari langu, naandika. Bilioni 53.7. Bilioni 2 za mikopo nafuu kwa hoteli, Babake Salma akakaa sawa. Bilioni 3 za dhamana ya mikopo ya biashara ndogo, nikakaa sawa mimi. Idi ilipopita nikavaa buibui jipya nikaenda benki. Kijana wa mikopo akaniambia kwa adabu kwamba mpango huo bado haujawafikia, nipite tena baadaye. Mkopo nilionao akaniongezea muda, riba ikiendelea na safari yake. Kodi ya mauzo nayo ilikuwa imeshushwa kutoka asilimia 3 hadi 1, na asilimia 1 ya duka lililofungwa pigeni wenyewe hesabu. Msaada wa chakula ulipokuja, mzee wa mtaa alipita na karatasi yake, akainua macho akasoma kibao changu, akasema, "Wewe una duka," akaenda mlango wa pili.

Kote huko kumbe njia moja tu ndiyo ilikuwa wazi: fagio la Juma. Pesa imetoka Nairobi, imepita kwenye mitaro anayozibua na kizibao chake cha kung'aa, ikafika kwangu mia tano, simu ikachukua 340. Tulicheka mpaka Salma akatoka chumbani kuuliza nani amekufa.

Ujumbe wa asante nimeuandika mara nne na kuufuta mara nne. Nikiutuma leo atajua nilikuwa nauhesabu muda wote huu. Kesho labda nitampigia nimwulize kuhusu ile mashine ya ovaloku inayoruka nyuzi, aje aitazame, halafu tuone.

Na usiku huu hata si Juma anayeninyima usingizi, ni mnazi. Kusi imevuma tangu jana haijapoa, na ule mnazi wa nyuma umezidi kuinamia kwa Bi Saumu. Juzi nazi imeanguka hatua mbili kutoka kwenye beseni lake la nguo. Mkwezi nimemwita, amekuja, ametazama juu, amesema hapandi mpaka upepo utulie. Bi Saumu mwenyewe hajasema neno, lakini tangu asubuhi mkeka wa wajukuu ameuhamishia upande wa barabarani.