Siku moja kazini: kutoa mifupa ya kale kwenye makorongo ya Ruhuhu

Watu wakituona na sururu, nyundo na GPS kwenye bonde la Ruhuhu, kusini mwa Tanzania karibu na Ziwa Nyasa, hudhani tumefuata dhahabu au makaa ya mawe. Wazee tunaowaamkia njiani huitikia marahaba, kisha huuliza moja kwa moja: "Madini mmeshayapata?" Tunachotafuta ni mifupa ya wanyama walioishi enzi ambazo dinosaria walikuwa ndiyo kwanza wanaanza kutokea, na mfupa huo ukitolewa vibaya haumfai mtu yeyote.

Saa 11 alfajiri ni chai na viazi, kukagua gari na kujaza maji: lita 5 za kunywa kwa kila mtu, na madumu mawili ya lita 20 kwa ajili ya plasta ya kufunika mifupa. Nakala za vibali vya COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia) na vya Idara ya Mambo ya Kale huwa garini, na serikali ya kijiji inakuwa imeshaziona.

Saa 1 hadi saa 4 tunatembea. Tunakuja kiangazi, nyasi zikiwa zimeungua, na mvua zilizopita zimeshakula kuta za makorongo na kutuanzia kazi. Kipande chenye vitundu vidogo vidogo pale kilipovunjika ni mfupa. Usichimbe ulipokiokota. Fuata vipande kupanda mteremko mpaka vinapokoma, maana mfupa wenyewe unatokea kwenye tabaka la hapo au la juu yake kidogo. Kwenye miamba bapa tunatafuta nyayo pia, na hiyo ni kazi ya asubuhi, wakati mwanga bado unakuja kwa mshazari. Jua likifika utosini, unyayo wa kina cha milimita chache unapotea machoni. Kule Moyeni, wilaya ya Quthing nchini Lesotho, kuna uwanda mzima wa jiwe wenye nyayo za dinosaria wa mwanzo wa kipindi cha kale cha Jurasiki. Unyayo wa namna hiyo haung'olewi. Unapigwa picha kutoka pande zote, rula ikiwa pembeni.

Mfupa ukipatikana, mikono inakaa mfukoni kwanza. Majira ya nukta (mahali hasa kwa mujibu wa GPS), picha, jina la tabaka, rangi ya jiwe, mfupa umelala kuelekea wapi: vyote vinaandikwa kabla ya kugusa. F. R. Parrington wa Cambridge alikusanya mifupa bondeni humu mwaka 1933, na Alan Charig akaichambua kwenye tasnifu yake ya miaka ya 1950. Mnyama mmojawapo, mtambaazi aitwaye Teleocrater, alisubiri jina rasmi hadi 2017, kwa sababu mifupa ya kwanza ilikosa sehemu muhimu kama kifundo cha mguu. Mingine ilipatikana 2015, karibu na ilipotoka ile ya awali. Nyasasaurus, aliyetangazwa kwa jina hilo Desemba 2012 na kukadiriwa umri wa miaka kama milioni 243, anajulikana kwa mfupa wa juu wa mkono na pingili kadhaa za mgongo tu. Ndiyo maana wataalamu bado wanabishana kama ni dinosaria kamili au ndugu yake wa karibu. Nyonga moja nzima ingepunguza sana ubishi huo. Kwa hiyo kipande kinachofanana na nyonga hakivutwi kwa vidole, hata kama kinaonekana kimelegea.

Kuanzia saa 5 kazi inakuwa ya plasta, na hapa ndipo siku inapoishia. Nyufa zinanyweshwa gundi ya Paraloid B-72 iliyoyeyushwa kwenye asetoni, nyepesi sana ili izame. Ukiitia nzito inakauka juu, na ndani mfupa unabaki unga. Halafu tunachimba mfereji kuuzunguka, tukiacha sentimita kadhaa za jiwe kila upande, kwa patasi na brashi. Sururu haikaribii. Tukishashuka chini ya mfupa tunakata kuingia ndani, ili bonge la jiwe lenye mfupa libaki juu ya shina kama uyoga.

Karatasi za tishu zilizoloweshwa zinapigwapigwa juu kwa brashi, tabaka tatu au nne, bila kuacha tundu, kwa sababu plasta ikigusa mfupa itatoka nao maabara. Vipande vya gunia vyenye upana wa kiganja vinalowekwa kwanza kwenye maji matupu. Gunia kavu linanyonya maji ya plasta na jaketi, yaani ganda la gunia na plasta, linavunjika. Unga ndio unaomwagwa kwenye maji, kidogo kidogo, mpaka visiwa vikavu vianze kubaki juu. Baada ya hapo una dakika kama 10. Maji yaliyopata moto juani yanaipunguza nafasi hiyo, na mabaki ya plasta ya zamani kwenye ndoo yanaipunguza zaidi, kwa hiyo ndoo inakwanguliwa kila mara. Kinachoudhi kuliko vyote ni mfuko ulioingia unyevu. Unakoroga vizuri, unafunika bonge lote, unangoja, na plasta inabaki laini kama uji. Inabidi kubandua kila kitu, kuweka tishu upya na kuanza tena, huku asetoni inaisha na jua linachoma shingo. Siku hizi tunajaribu kukoroga kikombe kimoja kambini kabla ya kubeba mfuko.

Ikikamata vizuri, tabaka tatu za gunia zinatosha kwa bonge dogo. Kubwa linafungiwa vijiti vya mti kama mguu uliovunjika. Hapo hakuna tena anayetazama saa. Shina linakatwa kwa patasi ndefu, watu wanne wanashika, na bonge linapinduliwa kwa mkupuo mmoja. Shina likiwa nene, jiwe la chini linabaki na kuburuta mfupa. Tukisitasita katikati, udongo unamwagika na vipande vyake. Baada ya pumzi chache tunafunga upande wa chini, tunaandika namba, tarehe na mshale wa kaskazini, kisha tunalibeba kwa machela hadi garini, mara nyingi gizani.

Usiku unaandikwa daftari, uchovu uwe vipi. Jaketi halifunguliwi porini. Linakwenda maabara, ambako jiwe linaondolewa kwa sindano ya chuma inayogonga kwa nguvu ya hewa, chembe kwa chembe, na mfupa wa ukubwa wa kiganja unaweza kula wiki kadhaa kabla haujarejeshwa kuhifadhiwa Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam.